Maneno ya Nyumbani: Watoto Waendapo Kuwatazama Wanyama

Mwezi huu twataka kusema nanyi, hasa ninyi walimu, juu ya safari ya Ngorongoro na Serengeti, maana shule nyingine huwapeleka watoto huko, na wazazi hutoa fedha walizozipata kwa taabu. Mtoto aliyeahidiwa simba, chui, tembo, nyati na kifaru kwa siku moja huenda akarudi na huzuni. Heri aambiwe kweli kabla ya kuondoka.

Ukingo wa Ngorongoro wapita mita 2,200 juu ya bahari, na asubuhi ukungu huifunika njia. Basi sweta ni lazima. Bondeni, kiasi cha mita 600 chini yake, jua huwaka na vumbi ni tele. Nguo nyeusi na za buluu nzito zibaki nyumbani, kwa sababu mbung'o huzifuata.

Wanyama nao hawakupangwa wakatungojea. Nyumbu wapita milioni moja, lakini huhama wakifuata mvua na majani mabichi. Mwezi wa Februari huzaa katika nyanda za kusini, upande wa Ndutu. Agosti wengi wamekwisha kufika kaskazini, kando ya mto Mara. Ajaye Seronera mwezi huo asistaajabu akiona majani makavu na swala wachache. Simba je? Amelala. Aweza kulala hata saa 20 kati ya 24, na mwenye Zaburi ya 104 alikwisha kutaja jinsi awindavyo usiku na kujilaza jua lichomozapo.

Lakini neno lililotusukuma kuandika ni la duma. Huyu huwinda mchana kwa macho na mbio, na mbio zake, ingawa ni kali kupita za wanyama wote, ni fupi mno. Akimkosa swala hana budi kupumzika kwanza. Tena hana ushujaa wa simba: fisi akija, humwachia nyama. Sasa motokaa kumi zikimzunguka, swala hushtuka na kukimbia, na watoto wa duma huweza kupotezana na mama yao. Mama asipopata nyama, watoto hulala njaa. Na haya hutokea kwa neno dogo tu, “Sogea, sogea kidogo!” Dereva huogopa kuwaudhi waliomlipa, akaiacha njia, ijapokuwa kanuni za Serengeti zakataza.

Kwa hiyo, walimu, semeni na dereva kabla ya kupita langoni, watoto wakisikia, ya kuwa hamtamlaumu akikaa mbali. Neno hilo lamtia nguvu kuliko bakshishi. Wazazi wengine watauliza, Ni faida gani mtoto kumwona duma kama doa katika majani? Twajibu: amemwona akiwa duma, akifanya kazi yake. Azimeni darubini moja, ipite mkono kwa mkono, na motokaa izimwe. Nusu saa ya kukaa kimya ni kazi ngumu kwa watoto arobaini, wazoezeni shuleni.

Neno la chakula halikosi. Huko bondeni wale ndani ya motokaa, kwa maana mwewe wa Ngorongoro hushuka akanyakua mkate mkononi mwa mtoto, wala hangoji sala iishe.