Ngoma ya Mtu Mmoja na Hoja ya Jumuiya: Mtazamo kutoka Tunduma

Katika uhakiki wa sanaa za maonyesho za Kiafrika imezoeleka kudaiwa kuwa ngoma ni mali ya jumuiya, na kwamba anayecheza peke yake jukwaani ameiga Ulaya. Dai hili lina ukweli fulani. Hata hivyo, likipelekwa Tunduma, katika mkoa wa Songwe, linayumba.

Mpaka unaoitenga Tunduma na Nakonde ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, nao Wanyamwanga wakajikuta pande zote mbili. Kisha migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ikawavuta vijana wa nyanda hizi. Huko kambini hawakukutana na ngoma za kwao tu. Beni, iliyozuka katika miji ya pwani ya Kenya na kuenezwa bara na askari wa Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa imefika migodini kwa jina la mbeni. Mwaka 1935 wachimbaji waligoma, na sita kati yao wakauawa kwa risasi katika mgodi wa Roan Antelope, Luanshya. Tume iliyochunguza mgomo huo ilishughulikia pia habari za vyama vya mbeni. Yaani serikali ya kikoloni iliitazama ngoma kwa makini kuliko wahakiki wengi waliofuata! Jumuiya iliyocheza pale haikurithiwa kutoka kijijini. Iliundwa na wageni waliokutanishwa na kazi, na kwa sababu hiyo ikatiliwa shaka.

Ikiwa jumuiya huundwa kwa uhamaji, basi huweza pia kutawanywa nao. Hapo ndipo ngoma ya mtu mmoja inapopata uhalali wake. Mwaka 2011 Faustin Linyekula, msanii wa Kongo mwenye makao ya kazi Kisangani, alitoa Le Cargo. Katika onyesho hilo yuko peke yake: anazungumza kabla ya kucheza, akisimulia safari ya kurudi Obilo, kijiji cha utotoni mwake, kuzitafuta ngoma za huko. Nafasi iliyo tupu kando yake si pambo. Ni mahali pa wachezaji wasiokuwapo, na kuionyesha wazi, badala ya kuijaza kwa kikundi cha kukodi kilichovalishwa ngozi na manyoya, ni aina ya upinzani.

Lipo pingamizi la kweli, nalo si la umbo. Kazi za namna hii mara nyingi hugharimiwa na kutazamwa ng'ambo, ambako hakuna wa kuitikia. Mchezaji wa Tunduma angekabili hadhira nyingine: wachuuzi, madereva wa malori, na wazee wenye ndugu Nakonde, ambao wangemkatiza na kumsahihisha hatua. Tasnifu zinazoendelea kuziorodhesha ngoma kabila kwa kabila hazina safu ya kuliandika tukio kama hilo.