Haki ya Vijana Wetu Katika Benki za Ujerumani

Twataka kusema wazi juu ya jambo linalowatesa vijana wetu waendao Ujerumani kusoma, nalo ni akaunti ya benki.

Kijana asiyelipiwa masomo hapati viza mpaka aonyeshe fedha za kumtunza mwaka mzima. Tangu Septemba 2024 kiasi kilichowekwa ni euro 11,904. Wengi huziweka katika akaunti maalumu ambayo hufungwa, na akifika kijana hutolewa euro 992 kwa mwezi, wala hawezi kuchota zaidi. Huenda mzazi ameuza shamba la kahawa, au ukoo mzima umechanga. Kwa hayo hatulalamiki. Mwenye nyumba ana haki ya kumwuliza mgeni wake atakula nini.

Lakini hizo 992 zahitaji akaunti ya kawaida ya kuzipokea, na hapo ndipo mateso huanza. Karani aitazama pasi, amtazama mwenyewe, kisha amwambia alete cheti cha makazi. Mwenye chumba naye ataka kodi kwanza. Kijana azunguka juma zima, fedha anazo na njaa anayo.

Wengi wakikataliwa huondoka kimya, kana kwamba Mwafrika hana la kusema mbele ya karani wa Ulaya. Tabia hiyo twaikataa. Tangu Juni 2016 sheria ya Ujerumani, iliyotokana na agizo la Umoja wa Ulaya la 2014, yampa kila mtu aishiye kihalali katika nchi za Umoja huo haki ya akaunti ya msingi, hata asiye na makazi maalumu. Fomu yake ipo. Benki haina budi kuifungua, au kukataa kwa maandishi na kutaja sababu, katika siku 10 za kazi. Ikikaidi, malalamiko hupelekwa BaFin, mamlaka ya serikali isimamiayo mabenki. Ada hutozwa, ndiyo, lakini sheria yataka iwe ya kiasi.

Lawama nyingine ni yetu wenyewe. Siku ya kuagana twampikia kijana pilau, wazee wamwonya juu ya baridi na ulevi, wala hakuna amwambiaye habari ya fomu hiyo. Waliosoma kule na kurudi wamo matawini mwetu. Na waitwe kabla masomo ya Oktoba hayajaanza, wakae na wasafiri na wazazi wao, wawaeleze fomu hiyo neno kwa neno.