Mto Haukuchora Mpaka

Darasani tulikaririshwa kuwa mipaka ni ya aina mbili: ya kuchorwa na ya asili. Mto tukauweka kwenye asili, tukapata vema. Sasa kila mpaka unapozua ugomvi hakosi mtu redioni wa kusikitika kwamba wakoloni wangalifuata mito badala ya rula, Afrika ingelala salama. Kauli hiyo ni ya uongo, na imekwisha kumwaga damu.

Kaulizeni Kyaka. Magharibi mwa Ziwa Victoria, mpaka wetu na Uganda ni mstari wa digrii 1 kusini ya Ikweta, zao la mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890. Rula tupu. Mto Kagera unapita Kyaka, kusini ya mstari huo, kisha unakata kaskazini kwenda kumwaga maji yake ziwani upande wa Uganda. Idi Amin aliitazama ramani hiyo kwa jicho la mwalimu wetu wa jiografia. Majeshi yake yalipokwisha kuingia Tanzania, tarehe 1 Novemba 1978 redio ya Kampala ikatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya mto ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa, kana kwamba daraja likiondoka maji yatageuka ukuta. Wiki chache baadaye wanajeshi wa Tanzania walikuwa ng'ambo, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Leo ukitaka kugongewa muhuri wa pasi husimami Kyaka, unakwenda mpaka Mutukula, kulekule rula ilikopita.

Nakubali jambo moja. Baada ya Vita vya Kwanza Waingereza walijimegea Gisaka, mashariki ya Rwanda, kwa ndoto yao ya reli ya kutoka Cape hadi Cairo. Baadaye eneo hilo likarudishwa na Kagera ikawa mpaka. Hapo mto ulifaa. Lakini ulifaa kwa sababu Gisaka ilikuwa tayari chini ya mfalme wa Rwanda, na Mwami Musinga alilalamika alipokatiwa nchi yake. Maji hayakuamua lolote.

Tuje Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji, mto ambao watetezi wa "asili" huupenda kuliko yote kwa kuwa ni mpana na unaonekana vizuri kwenye ramani. Wajerumani na Wareno waliukubali kuwa mpaka mwaka 1886. Haikupita miaka kumi, Wajerumani wakavuka na kujitwalia Kionga, pembe ya ardhi iliyo kusini ya mdomo wa mto. Wareno wakaichukua tena 1916, na mkataba wa Versailles ukawathibitishia. Kabla ya mkataba huo, Novemba 1917, kamanda wa Wajerumani Von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa amebanwa na Waingereza, aliuvuka mto huohuo, akawapiga Wareno huko Ngomano, akanyakua bunduki zao, risasi zao na chakula chao. Alikuwa na njaa. Mto ulikuwa njia ya kwendea sokoni. Kuanzia 1964 wapiganaji wa FRELIMO nao waliuvuka usiku wakitokea kwetu, kwenda kumng'oa Mreno. Na Wamakonde? Wako kingo zote mbili, na misiba yao haikuwahi kungoja ruhusa ya Lisbon wala ya Berlin. Daraja la Umoja pale Mtambaswala lilifunguliwa 2010. Wamakonde walikuwa wakivuka kwa mitumbwi tangu enzi ambazo wachora ramani hawakujua kama Ruvuma ipo.

Anayebaki anabisha namwomba ashuke Kyela msimu wa masika. Songwe ndio unaotutenganisha na Malawi, na kule tambarare, kabla ya kuingia ziwani, mto huo hauna adabu: ukifurika unaacha mkondo wake wa zamani na kujikatia mwingine. Mtu analala shamba lake la mpunga likiwa Tanzania, anaamka liko ng'ambo, naye hajahama hata hatua moja. Jirani yake wa Karonga naye yamemkuta hayohayo. Serikali mbili zimelazimika kukaa meza moja kupanga mabwawa na kuimarisha kingo ili mto utulie mahali pamoja. Mwalimu wangu wa jiografia hakutuambia kwamba asili nayo husubiri saruji.