Uvimbe ukiisha, kifundo bado hakijapona

Mwanao aliteguka kifundo cha mguu akicheza mpira. Mkamchua kwa mafuta ya moto, akalala wiki mbili, uvimbe ukaisha, akarudi uwanjani. Mwezi haujaisha, ameteguka tena mguu uleule. Wazazi wengi huniambia, “Daktari, huyu ana mifupa dhaifu.” Mifupa haina kosa.

Kano zinazoshika kifundo zikichanika, mguu hupoteza pia uwezo wa kuhisi umekanyaga vipi. Uwezo huo haurudishwi na kulala wala kuchua. Hurudi kwa mazoezi. Ndiyo maana nakerwa na sisi madaktari tunaoandika dawa ya maumivu na bandeji, basi.

Siku 2 au 3 za mwanzo apumzike, mguu uinuliwe, uwekewe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hivi. Kumchua kwa nguvu wakati huo huzidisha uvimbe. Kisha aanze kukanyaga taratibu na kuchezesha kifundo juu na chini. Baadaye asimame kwa mguu mmoja huku anapiga mswaki, kila siku, kwa wiki 6 au zaidi. Watoto hucheka, lakini dawa ni hiyo. Mtaalamu wa fiziotherapia atawapangia hatua.

Ila kama hawezi kutembea hatua 4, au ukibonyeza mfupa wa kifundo analia, apigwe eksirei kwanza. Kwa mtoto anayekua, sehemu laini ya mfupa inaweza kuvunjika pale ambapo mtu mzima angeteguka tu.