Sanduku ni lako, mlango si wako

Leo sina kisa cha mapenzi, wenye hamu ya mapenzi mnisamehe. Nina kisa cha sanduku. Usicheke bwana, maana najua wengi wenu mna redio, godoro au vyeti kwa shangazi ambaye siku hizi hata salamu hampeani.

Vitu vyangu vilikuwa Kitomanga kwa mjomba. Ukitoka Dar umeshapita Nangurukuru na mto Mbwemkuru, Lindi mjini bado hujafika, ndiyo Kitomanga hiyo. Niliviacha nilipokuja mjini kutafuta maisha: sanduku la bati lenye vyeti vya shule, godoro, na cherehani ya mama. Nikasema miezi mitatu tu narudi. Mara bibi akafariki, na arobaini ilipokwisha mama na mjomba wakakosana juu ya mikorosho ya marehemu. Yakasemwa maneno mbele ya wakwe, tukapanda basi bila kuaga. Vitu vikabaki.

Mei 2024 nikajiapiza lazima niende. Kimbunga Hidaya kikaja na mafuriko yake, barabara ikakatika kule Somanga, mabasi yakakwama. Moyoni nikafurahi, nimepata kisingizio! Barabara ikatengenezwa, mimi nikaendelea na kisingizio changu.

Sasa nimepata kibarua cha maana, na tajiri anataka cheti chenyewe, si fotokopi. Kijiweni washikaji wakanipa maujanja. Mmoja akasema nenda usiku, vunja kufuli, kwani si mali yako? Mwingine akasema nenda na polisi umwumbue. Acheni bwana! Sanduku ni langu lakini mlango si wangu. Nikiuvunja, mimi mwenye mali ndiye nitakayelala lupango. Mama nilipomuuliza alijibu neno moja tu: "Vioze."

Nikateremka Kitomanga adhuhuri na kilo mbili za sukari. Sikwenda kwa mjomba moja kwa moja. Kwetu kusini, kwa jadi, mtoto ni wa upande wa mama na mjomba ndiye mkubwa wake. Ukiwa na neno naye humwendei peke yako. Nikaanza kwa bibi mdogo, ndugu yake marehemu, kisha tukampitia mwenyekiti wa kitongoji. Mfukoni nina karatasi, nimeorodhesha kila kitu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba."

Kimyaaa. Bibi mdogo akalitoa neno lililotuleta, mwenyekiti akaisoma orodha kama karani wa mahakama.

Godoro? "Lililowa likaoza. Mvua za Hidaya, paa lilivuja," akasema mjomba. Nikacheka kimoyomoyo, nikijua nimeshapigwa. Cherehani? Haikuhitaji jibu, tulikuwa tunaisikia uani, binti yake anashona sare za shule za watoto wa jirani. Sanduku?

Mjomba akaingia ndani mwenyewe, akalitoa uvunguni. Limefungwa turubai, kufuli yangu ile ile. Nikafungua, vyeti vikavu kabisa.

"Turubai lilikuwa moja," akasema mkewe. "Magodoro yetu nayo yalilowa."

Msomaji, nilitamani ardhi ipasuke. Mjomba akaangalia pembeni, akasema, "Nilijua siku utakayolichukua hili, ndiyo mwisho wa nyinyi kukanyaga hapa."

Godoro nililifuta kwenye orodha kwa mkono wangu. Cherehani si yangu ni ya mama, kwa hiyo tukaandikiana: binti ataitumia mpaka ufuta uuzwe, kisha ama airudishe ama ailipie. Mwenyekiti akatia sahihi, kila upande ukachukua nakala yake. Mikorosho hatukuigusa, na wewe usithubutu kuchanganya kesi. Sanduku lina dakika zake, shamba lina miaka yake. Mambo ya ardhi yanaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 kazi yake katika ardhi ni kupatanisha tu. Mkishindwana ndipo mwende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kwa hiyo wewe mwenye godoro kwa shangazi, sikia. Nenda mchana. Nenda na mtu mzima anayeheshimiwa pande zote mbili, tena na kiongozi wa mtaa au kitongoji. Andika orodha kabla hujafika, maana hasira husahau vijiko na hukumbuka matusi. Akikataa katakata, Baraza la Kata lipo kwa usuluhishi, na Mahakama ya Mwanzo ipo kwa madai. Na vyeti usiache kwa mtu kamwe, hata kama mnapendana, kwa sababu cheti kikipotea ni polisi, Baraza la Mitihani, ada na kungoja.

Usiku nilirudi Mbagala na sanduku kichwani. Mama akalizunguka, hakuligusa. Nikamweleza habari ya turubai. Akanyamaza mpaka chai ikapoa, ndipo akauliza, "Na paa, wameshaliziba?"

Nikamwambia bado. Asubuhi nikamkuta anauliza bei ya bati.

Haya, tukijaaliwa tuonane wiki ijayo.