Mwacheni Kijana Apambane na Kitabu

Shule zinapokaribia kufunguliwa, wazazi wengi huingia katika maduka ya vitabu wakiwa na orodha mkononi. Pamoja na riwaya iliyotajwa katika orodha hununua kijitabu chembamba kiitwacho mwongozo, na mara nyingine hununua mwongozo peke yake kwa kuwa bei yake ni nafuu. Humo kijana hukuta dhamira, wahusika na mafunzo ya riwaya, vyote vimekwisha kuchambuliwa. Kazi yake inabaki kukariri tu.

Hasara yake huonekana katika chumba cha mtihani. Karatasi ya Kiswahili ya kidato cha nne huwa na swali la ufahamu: mtahiniwa hupewa habari asiyopata kuiona, aisome mwenyewe na kuieleza. Habari hiyo haina mwongozo. Wala barua ya mwajiri haina, wala mkataba wa kupanga nyumba.

Natuchukue mfano wa Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotolewa mwaka 1951 na kusomwa mashuleni kwa miaka mingi. Ni kitabu kifupi, lakini si chepesi. Nchi inayosimuliwa i angani. Sentensi zake ni ndefu na msamiati wake ni mzito. Mwalimu mwenye haraka husimama mbele ya darasa kabla kitabu hakijafunguliwa, akatangaza kwamba hii ni hadithi ya mafumbo juu ya utawala wa kikoloni, kisha akaandika ubaoni maana ya kila jambo. Maneno yake ni ya kweli, maana kitabu kilitoka miaka kumi kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Lakini sasa mwanafunzi atafumbua fumbo gani, ikiwa amekwisha kupewa jawabu?

Mwalimu mwingine huanza kwa jina la kitabu. Huwauliza wanafunzi neno hilo limejengwaje. Watajaribu kulitafuta katika kamusi chini ya herufi K, wasilione. Ndipo mmoja wao atakapoondoa kiambishi cha mbele na mnyambuliko wa nyuma, akabaki na kitenzi sadiki. Je, nchi ya kusadikika ni nchi iliyopo, au ni nchi ambayo mtu aweza tu kuiamini? Ubishi umeanza, na hakuna aliyehutubiwa. Baadaye watakutana na Karama, mshtakiwa, na Majivuno, waziri anayemshtaki, nao watayapekua majina hayo bila ya kuamrishwa.

Kisha mwalimu huyo huwapa dakika kumi na tano za kusoma kimya, na agizo moja: kila mtu aweke alama ya penseli mahali alipopotea. (Ikiwa kitabu ni cha shule, alama iwe katika daftari, tusije tukagombana na mkutubi.) Katika shule nyingi nakala hazitoshi, basi hukaa vikundi vikundi na kupokezana. Wanapomaliza, mwalimu hawaulizi wameelewa nini. Huwauliza wamepotea wapi. Kwa swali hilo hata mwanafunzi dhaifu huwa na la kusema, na mara nyingi jirani yake ndiye anayemtoa gizani.

Karama ameshtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria. Kwa nini mtawala amwogope mtu anayefundisha sheria? Swali hilo mwalimu aliache hewani hata juma zima. Habari za mwaka 1951 zije baada ya kitabu kusomwa mara ya kwanza, wakati wanafunzi wenyewe wamekwisha kunusa kwamba nchi hii ya angani haiko mbali sana na ardhi.

Najua walimu watakaonijibu kwamba muhtasari ni mrefu na mtihani u karibu. Ni kweli, na si haki kumlaumu mwalimu mwenye darasa lililofurika. Hata hivyo, sura mbili zilizosomwa kwa namna hii humpa kijana ujasiri wa kuzisoma zilizobaki peke yake, na hapo ndipo muda uliotumika unaporudi.

Nasi wazazi tunayo sehemu yetu, hata yule ambaye hakupata kwenda sekondari. Unaporudi kutoka zamu, mwambie mwanao akusimulie aliyoyasoma leo, nawe uulize kama mtu asiyejua: huyo alishtakiwa na nani? Alijitetea vipi? Atakapokwama, usimkemee; mwambie arudi kwenye ukurasa ule akakusomee kwa sauti. Na fedha za mwongozo ziwekwe akiba hadi zitoshe kununua kamusi moja ya nyumba nzima. Ile ya Kiswahili Sanifu, ambayo Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliitoa kwanza mwaka 1981, huorodhesha vitenzi kwa mashina yake; mfundisheni hata mdogo wa darasa la tano namna ya kuitafutia.