Stempu za Dola Iliyoanguka

Wako wasemao kwamba kukusanya stempu ni mchezo wa watu wenye nafasi, usiohusiana hata kidogo na utamaduni wa taifa. Wako na wengine, hasa wachuuzi na wanunuzi wa ng'ambo, wanaousifu mchezo huo lakini huipima kila stempu kwa uhaba wake tu. Makundi haya mawili hudhani kuwa yanapingana, kumbe kosa lao ni moja. Yote mawili huitazama karatasi, yakamsahau mtu aliyeandika barua na mtu aliyeibeba.

Tutazame nchi yetu wenyewe katika miaka ya kuanguka kwa utawala wa Wajerumani. Tangu mwaka 1901 stempu za koloni lile zilikuwa na picha ya Hohenzollern, meli ya anasa ya Kaisari. Vita vilipozuka mwaka 1914, stempu za wageni wengine zilianza kuingia. Majeshi ya India yalitumia stempu za India zilizopigwa chapa ya herufi I.E.F. Mwezi Januari 1915 Waingereza waliteka Mafia, nao wakazigonga stempu za Kijerumani walizozikuta muhuri wenye jina la kisiwa. Mwaka 1916 majeshi yaliyotoka kusini yalitumia stempu za Nyasaland zenye herufi N.F. Wabelgiji nao, walioteka Kigoma na Tabora, walileta za Kongo, zilizotangaza kwa Kifaransa na Kiholanzi kwamba nchi imekaliwa na Ubelgiji. Mwaka 1917 zikafuata stempu za Afrika Mashariki na Uganda zenye herufi G.E.A., na mwaka 1922 zile za Tanganyika zenye kichwa cha twiga.

Hayo yote yalitokea katika muda wa miaka minane. Kila aliyeingia alihitaji chapa na wino tu ili ajitangaze kuwa mwenye nchi. Wananchi hawakuulizwa hata mara moja. Je, kuna somo la ukoloni lililo wazi zaidi ya hilo?

Lakini wanunuzi huthamini nini? Mapema mwaka 1916 Wajerumani, walipoishiwa stempu kwa kuzingirwa baharini, walichapisha nyingine katika kiwanda cha misheni huko Vuga, Usambara: za heller 2½, heller 7½ na rupia 1. Kabla hazijatumika, meli iliyopenya ulinzi wa Waingereza ilileta shehena kutoka Ujerumani. Zile za Vuga zikafukiwa ardhini Morogoro. Baada ya vita zikafukuliwa, zikapelekwa Ujerumani na kuuzwa kwa wakusanyaji. Hazikupeleka barua hata moja, na bado husimuliwa kwa shauku. Wakati huo huo nchi ilikuwa na reli kubwa mbili tu. Penginepo barua zilikwenda kwa miguu ya matarishi, na makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita walikufa kwa njaa na maradhi. Nani husimulia habari zao kwa shauku hiyo?

Atasema mtu kwamba barua nyingi za wakati ule ziliandikwa na Wazungu. Ni kweli. Ndiyo sababu zile chache zilizoandikwa na makarani, walimu na askari Waafrika, kwa herufi za Kilatini au za Kiarabu, zatupasa kuzilinda zaidi, hata kama stempu zake ni za kawaida kabisa.

Basi tuukatae pia ule mtindo wa kukata stempu na kuitupa bahasha. Habari za safari zimo katika bahasha nzima: muhuri wa mahali na tarehe, alama ya mkaguzi wa kijeshi, mwandiko, jina la mpelekewa. Stempu iliyokatwa ni shahidi aliyekatwa ulimi. Tena chapa ya Mafia imeghushiwa mara nyingi. Bahasha kamili ni rahisi zaidi kuihoji.

Mwalimu, wafundishe wanafunzi kusoma bahasha kama wasomavyo kitabu. Nawe mwanafunzi, mzee akikufungulia sanduku lake, usikimbilie kuuliza bei. Uliza kwanza ni nani aliyeandika, ni nani aliyepokea, na barua ilipita njia gani. Uyaandike majibu, na bahasha uiache nzima.